Bastola Chini ya Paja

Ndugu zangu, leo nina mtu mmoja wa kuwaonyesha, muuza mbao. Jina lake silitaji kwa sababu hana. Nimemtunga mwenyewe nikiwa napalilia kahawa, basi asitoke mtu hapa akaanza kuulizana na jirani kwamba ni nani huyo. Mzee Mwakalobo, nakuona umeshaanza kugeuka nyuma. Tulia unisikilize.

Muuza mbao huyu alivamiwa na majambazi dukani kwake, wakampiga risasi ya mgongo. Hakufa. Lakini kuanzia kiunoni kushuka chini akawa hasikii kitu, hata umchome sindano, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kabla hajatoka hospitali alifundishwa wanayofundishwa wote wa hali yake. Ukikaa kidogo, ujiinue kwa mikono ili nyama ipumue. Na kila siku awepo mtu wa kukutazama ngozi huko nyuma kwa macho yake, maana mwili wako wenyewe hautakuambia. Kazi hiyo aliichukua mke wake. Kila asubuhi baada ya kumwogesha alimgeuza, akamtazama, akamwambia leo pako salama.

Basi muuza mbao akaomba kibali cha silaha, akapewa, akanunua bastola. Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Risasi ilimpata kweli, na waliompiga hawajakamatwa. Shida ikawa, mtu anayeketi kutwa aiweke wapi? Akaichomeka kiunoni, lakini ukiketi tumbo linajikunja, ikawa inamchoma mbavu, na kila akisukuma magurudumu shati linapanda, watu wanaona. Akaivaa kwapani ndani ya koti, mkono ukachubuka kwa kusukuma. Akaitia kwenye mfuko unaoning'inia nyuma ya kiti, na hapo ndipo alipokosa amani kabisa, kwa sababu kila aliyepita nyuma yake, yeye alimdhania mwizi. Mteja anauliza bei ya ubao, yeye macho yako barabarani. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya duka, anakizungusha kiti aukinge mfuko. Chakula hakishuki.

Siku moja akaiweka chini ya paja, karibu na kalio, juu ya mto wa kiti, akajifunika shuka magotini kama sisi watu wa baridi tunavyofanya. Akakaa juu yake, akasubiri imchome. Haikumchoma. Akasukuma kiti kwenda, akasukuma kurudi, starehe tupu. Akasema moyoni, hapa ndipo mahali pake.

Mmeshaelewa? Mama Ipyana ameelewa, naona ameshika shavu. Wengine bado, twendeni polepole.

Kuanzia siku hiyo aliacha kujiinua kwa mikono, maana akijiinua, chuma kinateleza. Kanisani kulikuwa na vijana waliombeba na kiti chake kumpandisha ngazi. Akawakataza, wasije wakamtikisa kikaanguka kitu. Akawa anasikiliza ibada akiwa nje, dirishani, huku anageuka kuangalia nani anakuja. Na mke wake je? Mke alidhani bastola imefungiwa kabatini. Mume hakutaka kumtisha, ndivyo alivyojiambia. Lakini ukiwa na kitu chini ya paja, huwezi kuvalishwa na mtu wala kuketishwa na mtu. Asubuhi moja mke alipoingia na maji, akamwambia, "Mama watoto, weka hapo. Nimeshazoea, nitaoga mwenyewe."

"Na nyuma atakutazama nani?"

"Niko sawa. Ningekuwa na shida si ningesema?"

Mke akatoka, mlango ukafungwa kwa ndani. Na ukawa unafungwa kila asubuhi.

Zikapita wiki kadhaa, dukani kukawa na harufu. Muuza mbao akasema kuna panya amefia nyuma ya mbao. Akawaamuru wafanyakazi wahamishe mbao zote upande huu, kisha wazihamishe tena upande ule. Akanunua sumu. Akagombana na jirani yake mwenye mgahawa kwamba mabaki yake ndiyo yanayoita panya, mpaka wakaacha kusalimiana. Panya hakuonekana, na harufu ikamfuata nyumbani, ikamfuata hadi lile dirisha la kanisa. Watu waliokuwa karibu naye walijua? Walijua vizuri sana. Lakini nani angethubutu kumwambia mtu aliyekuwa mkali vile? Hata sisi tungejitia hatusikii, tungesogea pembeni kidogo na kuendelea kuimba.

Kisha ikaja homa. Akalala na kichwa juu ya meza ya duka, akiitwa haitiki. Mke akaja mbio, akaondoa shuka, akapitisha mkono chini ya paja ili amwinue, mkono ukatoka na bastola. Pale ilipokuwa, nyama ilikuwa imeoza karibu na mfupa, na kidonda kilikuwa na umbo la bastola ile ile. Majambazi hawakurudi. Haikufyatuka hata mara moja, ndugu zangu, na bado ilikaribia kummaliza.

Hospitali akalazwa kifudifudi. Alipopata fahamu, jambo lililomuuma lilikuwa hili: "Mbona sikusikia maumivu hata kidogo?"

Mke wake alikuwa ameketi kando, bado ana hasira, na alikuwa na haki nayo. Akamwambia, "Baba watoto, wewe huko husikii. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia kwa niaba yako, ukanifungia mlango."

Sasa tumwache muuza mbao. Nawageukia ninyi, na nafsi yangu ikiwamo.

Sisi pia tumeumizwa kweli. Wewe ndugu yako alikuzunguka kwenye shamba la marehemu baba. Wewe ulisemwa vibaya na mtu uliyemlisha. Tangu siku hiyo hutembei mikono mitupu. Una neno ulilolificha, unamngoja aliyekuumiza aje tu. Mwanzo lilikuchoma, ukalihamisha, ukalihamisha, mpaka ukapata mahali lisipokuchoma. Leo umekuja umelikalia hapa ibadani. Tukikuuliza hali unasema nimeshasamehe, niko sawa. Unasema kweli, husikii kitu. Lakini mbona nyumbani kwako kila siku mnahamisha mbao? Mara mkosaji ni mke, mara ni watoto, mara ni huyu mchungaji mpya. Panya hapatikani.

Nakuuliza wewe, usimwangalie jirani. Nani alikuwa akikutazama pale usipoweza kujitazama? Mama yako? Rafiki yule aliyekuwa hakuogopi? Ulimfungia mlango lini?

Najua mnataka kujua kama alipona. Kidonda kile hakiponi upesi, na mimi hapo mfano umenishinda. Ninachojua ni kwamba kesho yake mke alipoingia na beseni la maji, akasimama mlangoni, hajui kama aingie au arudi, yule mume aliyekuwa amelala uso ukutani alisema neno moja tu, "Nitazame."

Leo ukifika nyumbani, mtafute yule uliyemtoa chumbani. Usianze kumweleza majambazi walikuwa wangapi na walikufanya nini, hayo anayajua. Mpe mgongo, umwambie akutazame.