Pua Haina Mjomba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Na yuko aliyeitika na kinywa kimejaa, nimemsikia. Nilikuwa na kipande cha muhogo hapa majivuni, nikageuka kidogo kuchochea moto, hakipo tena. Nyange, mtoto wa jirani, mbona hunitazami usoni? Haya, kaeni. Habari ya muhogo itafika.

Paukwa!

Pakawa!

Naam, hivyo. Hapo zamani za kale, wanyama wakisema, palikuwa na mwindaji akiitwa Bwana Sengasu. Bwana Sengasu hakuwa mtu wa ugomvi. Jirani akimtukana, hajibu. Hungoja apate mbwa, akampa mbwa jina la jibu. Ndiyo maana mbwa wake wa kwanza akaitwa Siambiwi. Wa pili akaitwa Tutaona. Wa tatu akaitwa Chatosha.

Siambiwi alikuwa jike, mzee, kiongozi wa wote. Mvi zimemwingia puani, meno yamebaki ya kuhesabika. Lakini pua! Pua yake ingenusa nyayo za jana chini ya mvua ya leo. Tutaona alikuwa mwanawe wa kumzaa, mrefu, mwepesi, ulimi mtamu. Chatosha alikuwa jike mfupi mweusi, asemaye machache.

Kila mbwa alivaa njuga ya mti shingoni, na ya kiongozi ndiyo kubwa kuliko zote. Wakiingia kichakani, Bwana Sengasu hawaoni, huwafuata kwa masikio. Kolo-kolo-kolo! Wako kulia. Kolo-kolo-kolo! Wako bondeni. Zikisimama ghafla, mnyama ameanguka.

Na sheria ilikuwa moja. Mnyama akianguka, hakuna kuonja. Mbwa hukaa, humlinda, humngoja Bwana. Bwana hufika, hupasua tumbo, hutoa ini akaweka mfukoni mwake, kisha humkatia kila mbwa fungu lake. Mbwa anayejikatia mwenyewe huvuliwa njuga na kufukuzwa aende Bonde la Fisi. Na mbwa asiye na njuga, Bwana hamjui tena.

Mlinzi wa sheria alikuwa Siambiwi. Kila wakimaliza kuwinda alipita kwa wenzake akiwanusa vinywa, huku akiimba:

Fungua kinywa nikunuse,
pua haina mjomba!
Aliyekula tumjue,
pua haina mjomba!

Akimngurumia mbwa, basi. Bwana Sengasu haulizi mara mbili.

Siku moja Bwana Sengasu akavuka mto, akaenda kwa mtani wake kuchagua mbwa mwingine. Akawakuta watoto wa mbwa wanacheza uani. Akamshika mmoja ngozi ya shingo, akamnyanyua. Ng'weee! Akalia. Akamweka chini. Akamnyanyua mwingine. Ng'wa! Akamng'ata kidole. Akamweka chini. Akamnyanyua mwembamba mmoja, rangi ya mchanga. Huyo akaning'inia tu, kimya, anamtazama machoni.

"Huyu," akasema Bwana Sengasu. "Anayelia kwa kushikwa shingo, kesho akikutana na ngiri ataniacha peke yangu."

Akampa jina Waseme, maana wiki ile jirani alikuwa amesema sana. Akamfundisha kwa ngozi ya sungura iliyofungwa kamba, akiiburuta majanini, leo karibu, kesho mbali. Waseme akaifuata kila ilikokwenda. Akakua, akavishwa njuga. Ila jambo moja. Habweki. Akimwona nyoka, kimya. Akimwona mgeni, kimya.

Siambiwi hakupenda.

"Mbwa habweki," akasema moyoni. "Anaficha nini?"

Tutaona akamsogelea mama yake sikioni. "Mama, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

"Nimemwona," akasema Siambiwi. "Jicho langu halilali."

Ikawa siku ya kuwinda. Mbwa hawakupewa chakula tangu jana yake, maana Bwana Sengasu alikuwa na msemo wake: mbwa aliyeshiba huwinda usingizi. Wakaingia kichakani. Kolo-kolo-kolo! Paa akatoka mbio. Kolo-kolo-kolo! Mara, kimya. Bwana akafika anahema. Paa huyo chini, tumbo limechanwa. Ini halipo!

Bwana akamtazama Siambiwi. Siambiwi akaanza kazi.

Fungua kinywa nikunuse,
pua haina mjomba!

Akamnusa Chatosha. Safi. Akamfikia mwanawe, akampita, maana mama gani humnusa mwanawe kinywa kama mwizi? Akamfikia Waseme. Akanusa. Akanusa tena. Hakuna harufu. Hata chembe.

Mtu mwingine angesema, huyu hana kosa. Siambiwi akasema moyoni, "Kinywa cha mbwa kisicho na harufu hata kidogo? Amekiosha mtoni huyu!"

Jamani, ukishamshuku mtu, hata usafi wake ni ushahidi.

Jioni Bwana Sengasu akawapelekea chakula, ugali wa mtama na mchuzi wa vichwa vya samaki, kwenye chano kikubwa cha mti. Kila mbwa na upande wake. Bwabwabwa! Wanakula. Siambiwi alikula polepole, meno hayapo. Lakini kila siku alikuta upande wake matonge laini, yaliyopondeka, yanayoteleza yenyewe kooni. "Bwana ananipenda," alikuwa akisema. "Ananipondea." Na huku anakula, macho yake yako kwa wenzake. Nani anakula vipi? Nani anamwangalia nani?

Jioni ile akaona. Waseme ametafuna kidogo tu, akarudi nyuma, akalala. Amebakiza chakula! Mbwa ametoka kuwinda, hajala tangu jana, anabakiza?

"Unaona, mama?" akanong'ona Tutaona. "Ameshiba wapi?"

Siambiwi akasimama. Akamwendea Waseme, manyoya ya mgongo wima. Grrrrr!

Bwana Sengasu akatoka ndani. Akamtazama Siambiwi, akamtazama Waseme. Alisikitika, kwa sababu alimpenda yule mbwa. Lakini sheria ni sheria. Akamvua Waseme njuga.

Waseme hakulia. Alifika kwenye lango la miiba, akageuka.

"Mama Siambiwi," akasema kwa sauti ndogo, "sasa utakula nini?"

"Ala!" akafoka Siambiwi. "Mwizi na matusi juu! Toka!"

Waseme akaenda zake Bonde la Fisi.

Kesho yake chano kikaletwa. Siambiwi akaenda upande wake. Akakuta ukoko, mgumu. Akatafuna, ka! ka! Jino likauma. Keshokutwa, ukoko. Siku ya pili yake, ukoko na kichwa cha samaki kikavu. Siambiwi akakonda, mbavu zikatoka nje.

"Bwana amenichoka," akalalamika. "Hanipondei tena."

Chatosha akanyanyua kichwa. "Bwana hajakupondea hata siku moja."

"Nani basi?"

"Yule uliyemfukuza. Alikuwa anatafuna fungu lake, analilainisha, anakuwekea upande wako, halafu analala na njaa. Wewe ulikuwa unatutazama sisi. Chano hukukitazama."

Maneno ya langoni yakamrudia Siambiwi. Sasa utakula nini? Akahisi aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Ikafika siku nyingine ya kuwinda. Kolo-kolo-kolo! Digidigi akakimbia, akaanguka. Siambiwi akajikokota akafika kabla ya Bwana. Tumbo limechanwa. Ini halipo. Na Waseme hayupo!

Akaimba:

Fungua kinywa nikunuse,
pua haina mjomba...

Akamnusa Chatosha. Safi. Akaishia hapo.

"Umebakiza mmoja," akasema Chatosha.

"Yule ni mwanangu."

"Wimbo unasemaje, mama? Au nimeusahau?"

Siambiwi akamwendea Tutaona. Miguu haitaki kwenda. Akafika. Akanusa. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Ini! Ini bichi la digidigi, la leo. Na chini yake harufu ya zamani, ya mara nyingi.

"Mama," akasema Tutaona haraka haraka, "mimi nimezaliwa tumboni mwako. Chatosha ni wa watu tu. Bwana bado yuko mbali. Mngurumie Chatosha, yaishe."

Kishindo cha miguu ya Bwana kikasikika majanini. Tu, tu, tu. Chatosha alikaa pale pale, hakukimbia. Alimtazama Siambiwi tu.

Siambiwi akamtazama mwanawe. Akamkumbuka alipokuwa hajafumbua macho, anatafuta ziwa kwa pua. Moyo ukamuuma vibaya sana. Tu, tu, tu. Bwana huyo, amefika.

Grrrrr!

Alimngurumia mwanawe.

Bwana Sengasu akashangaa. Akamshika Tutaona taya, akamfungua kinywa, akaona damu kwenye meno. Akamvua njuga. Tutaona akaenda bila kuaga, na mama yake hakumwita.

Lakini Siambiwi hakurudi nyumbani. Akashuka Bonde la Fisi peke yake. Akamkuta Fisi amejilaza kivulini, anajilamba.

"Unalamba nini?" akauliza Siambiwi.

"Midomo yangu mwenyewe. Nayo imekatazwa?"

"Yuko wapi mbwa wa rangi ya mchanga? Fungua kinywa nikunuse."

Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Mimi nanuka kila kitu siku zote, bibi, hutajua nimemla nani. Alipita mbwa hapa, nikaziona nyayo zake. Nikangoja abweke nijue alipo. Nikangoja, nikangoja. Habweki! Chakula gani hicho kisicho na sauti?"

Siambiwi hakumwamini, na nani humwamini Fisi? Lakini akainamisha pua ardhini. Akanusa, akanusa. Harufu hii hapa, hafifu. Ikampeleka kwenye shimo la muhanga, yule mla mchwa, chini ya kichuguu. Ndani, macho mawili.

"Waseme," akaita. "Mwanangu, nilikunusa kwa pua, nikakuhukumu kwa moyo. Nisamehe."

Waseme akatoka, mifupa na ngozi. Akamtazama Siambiwi mbavu. "Hujala, mama," akasema.

Siambiwi akalia hapo hapo.

Wakarudi pamoja, jike mzee mbele, Waseme nyuma. Langoni, mbele ya Bwana Sengasu, Siambiwi akamlamba Waseme uso mzima. Kisha akainama, akatoa shingo yake ivuliwe. Bwana alielewa. Akamvua njuga ya kiongozi, akamvisha Waseme, na ile ya Waseme akamvisha Siambiwi. Mbwa asiyebweka ndiye anayefaa njuga kubwa, maana haropoki, na alipo unamsikia. Kolo-kolo-kolo!

Jioni chano kikaletwa. Waseme akatafuna, akalainisha, akaweka upande wa Siambiwi. Safari hii Siambiwi alikitazama chano.

Basi wakubwa na wadogo, shikeni hili. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukiwa mnusaji wa watu, anza na wa nyumbani kwako, usije ukamfukuza anayekulisha ukamlinda anayekuibia.

Hadithi yangu imeishia hapo, njuga imenyamaza, mwenye kuokota na aokote.

Nyange, mtoto wa watu, nilikutazama vibaya tangu jioni. Sogea karibu na moto, baba.

Kibibi, mjukuu wangu, hebu njoo hapa kwa bibi. Fungua kinywa.