Sauti Iliyotangulia

Mungu hampi mtu mmoja kila kitu. Katika nyumba moja ya Machame aliwagawia watatu. Ndetaulwa, mtoto wa kwanza, alipewa ujuzi wa mashine za muziki. Aikande, dada yake, alipewa subira. Rogathe, mke wa mdogo wao, alipewa masikio. Mama yao, Ndeonansia, alikuwa na haja moja tu.

Mumewe, Mwalimu Aminieli, aliongoza kwaya ya usharika miaka ishirini na sita, naye mwenyewe akiimba besi. Sasa alikuwa na miaka tisa kaburini. Ndeonansia aliukumbuka mwendo wake na namna alivyokunja mikono ya shati. Lakini asubuhi moja, akiwa katika sala, aliitafuta sauti yake moyoni asiipate. Kesho yake akaitafuta tena. Haikuja. Akaogopa kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Akawaita wanawe, na mkamwana wake pia. "Ipo kaseti moja ya kwaya. Atakayenirudishia sauti ya baba yenu, kitabu chake cha nyimbo ni chake."

Kitabu kile kilijaa mwandiko wa Mwalimu kwa penseli. Kila mmoja alikuwa akikitamani kimyakimya.

Aikande akaitoa kaseti chini ya sanduku la bati. Utepe ulikuwa umeota ukungu na kukatika mara mbili. Wiki sita, kila arudipo shambani, aliupangusa kwa pamba kipande kidogo kidogo, akaunga palipokatika, akauzungusha kwa kalamu. Wakaiweka kwenye redio ya jikoni. Wanawake waliimba vizuri. Besi haikusikika kabisa.

"Redio ni ndogo, Mama," Aikande alisema, machozi yakimlengalenga. "Sauti nzito haienei humo."

Ndetaulwa akaja kutoka Arusha na amplifaya yake ya kukuza sauti, ile aliyokuwa haruhusu mtu kuigusa, pamoja na deki ya kaseti na spika mbili kubwa. Amplifaya peke yake ilibebwa na watu wawili.

"Kaka, umetuletea jiwe la kusagia?" Aikande aliuliza.

"Jiwe la kusagia haliimbi. Ngoja uone."

Akafunga nyaya, akaiwasha bila kaseti.

"Mbona kimya?" mama aliuliza. "Imekufa?"

"Hapana, Mama. Amplifaya hupimwa kwanza kwa ukimya wake. Ikinguruma kabla ya kazi, haifai."

Ndeonansia akatega sikio kwenye spika. Hata mlio wa mbu hakuusikia. Akapenda ukimya ule. Ulifanana na kanisa kabla ya ibada.

Kaseti ilipoanza, sebule ilijaa. Walisikia kurasa zikifunuliwa, kisha mtu akakohoa.

"Huyo Mama Ndekira!"

"Hajaacha mpaka leo!"

Wakacheka. Lakini besi ilikuwa nyembamba, kama mtu anayeongea ng'ambo ya migomba. Ndetaulwa akaongeza sauti, akaweka kiganja juu ya amplifaya kupima joto. "Mashine ni nzima. Labda utepe ndio umeharibika."

"Usiusingizie utepe wangu," Aikande alijibu.

Rogathe alikuwa mlangoni, akimenya ndizi. Aliolewa miaka mitatu baada ya msiba; sauti ya baba mkwe wake hakuisikia hata siku moja. Akaweka kisu chini.

"Shemeji, besi ipo. Nikisogea kwenye spika moja naisikia. Nikisimama katikati inapotea. Hizi spika zinabishana."

"Zinabishana kama mawifi?" Ndetaulwa alitania.

"Zima kwanza, uangalie nyuma."

Wakaangalia. Kwenye spika moja Ndetaulwa alikuwa amefunga waya mwekundu mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Moja ikisukuma, nyingine ilivuta, na sauti nzito zikauana katikati. Rogathe akazigeuza.

Wakarudia. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, sauti moja nene iliingia kabla ya wote, neno moja tu, ikasita. Ndipo kwaya nzima ikaifuata.

Ndeonansia akashika mkono wa kiti. Mwalimu, aliyewagombeza wote kwa kuharakisha, mahali pale hakuweza kujizuia. Wanakwaya walipomcheka alisema, "Nimetangulia tu. Mtanikuta."

"Ndiye," mama alisema. "Rudisheni hapo."

Walirudisha mara tatu. Kisha akakiweka kitabu mapajani.

"Bila utepe," Aikande alisema, "amplifaya ingeimba nini?"

"Utepe ulishapigwa jikoni. Ulimsikia humo?" Ndetaulwa aliuliza.

"Na wifi kageuza nyaya mbili tu," Aikande aliongeza.

Rogathe akainamisha kichwa. "Ni mbili tu, wifi. Lakini ninyi mmekua mkimsikia. Mimi nina neno lake moja, nimelipata leo."

Ndeonansia akaufungua wimbo ule kitabuni. Pembeni mwa ubeti wa mwisho, kwa penseli, mumewe alikuwa amejiandikia: *Aminieli, wasubiri wenzako.*

Mama akapitisha kidole juu ya maandishi, polepole, akafumba macho kuomba hekima. Alipoyafumbua, watatu wale bado walikuwa wakimtazama.

Nami hapo ndipo ninapokwama, ninyi mlionisikiliza. Kitabu ni kimoja, na kukichana ni dhambi. Kama kingekuwa mapajani pako, ungemnyooshea nani?