Kwa Nini Visanduku vya Kwemhanya Hukaa Dirishani

Apeni kwanza, kila mtu kwa mama yake, kwamba haya hayatatoka kwenye kibaraza hiki. Mmeapa? Hata aliyenisimulia aliniapisha hivyo hivyo, na mnaona tulipofikia. Basi sogeeni.

Zamani, kila nyumba ya kijiji cha mlimani cha Kwemhanya iliyokuwa na intaneti iliifungia ndani kama mwali. Namba ya siri ilifichwa hata kwa mume. Waliokaa Juu, kule chini ya jabali, hawakuwa na kitu. Hata simu ya kawaida haikushika, mpaka mtu ateremke mlima saa nzima.

Huko Juu alikaa Nakiete, mwenye kidonda mguuni kisichotaka kupona. Dada yake Mbwera, fundi cherehani wa Bondeni, alichoka kumwona akishushwa kwenye kiti na wanaume wanne, ili muuguzi wa zahanati akitazame kidonda na kusema arudi wiki ijayo. Muuguzi alikuwa radhi kukitazama kwa simu ya video, kila siku saa kumi. Kilichokosekana ni njia.

Mbwera akaitafuta. Alipita nyumba kwa nyumba, tepu ya kupimia ingali shingoni, akiwaomba wenye intaneti waifungue, kila nyumba iirushie ya juu yake, bure, mpaka jabalini. Waliomcheka aliwarudia kesho yake. Waliomfukuza aliwakunjia mapindo ya suruali huku akiendelea kusema. Mwezi wa tatu, visanduku vya intaneti kumi na vinne vikawa vinapokezana, na Nakiete akaonana na muuguzi bila kuinuka kitandani.

Siku hiyo Mzee Shemndolwa, ambaye nyumba yake ni ya nane, katikati kabisa ya mlima, alitoa hotuba. Alisema uchoyo ni maradhi. Alipigiwa makofi, na akayapokea.

Hazikupita wiki mbili, mambo yakaharibika. Ikifika saa kumi intaneti ya Juu inakatika. Saa kumi na moja inarudi, na muuguzi keshaondoka. Kidonda kikaanza kunuka. Wanaume wakaanza kuulizia kile kiti.

Mbwera akasema kiti hakibebwi tena. Alipanda mlima saa kumi, simu mkononi, akipima kila mlango. Nyumba ya saba ilipata. Ya tisa haikupata.

Sasa, desturi ya Kwemhanya ilikuwa kitu cha thamani kukaa chumba cha kulala, na chumba cha kulala cha mtu hakiingiwi. Mzee Shemndolwa alisimama mlangoni akasema kisanduku chake kinawaka vizuri.

"Au nikuonyeshe na kitanda changu, mwanangu?" aliuliza, na kina mama waliomfuata Mbwera wakatazama chini.

Mbwera aliaga kwa adabu. Kesho yake, saa ile ile, hakubisha hodi. Alizunguka nyuma na nusu ya mlima ikimfuata, akashika pazia la dirisha linalotazama Juu.

Na tangu siku hiyo visanduku vyote vya Kwemhanya hukaa nje, kwenye ukingo wa dirisha, vimefunikwa bakuli la plastiki lipitishalo mwanga, ili kila mpita njia aione taa ikiwaka. Wageni hudhani ni urembo.

Lakini siku yenyewe, pazia liliposogea, mzee alikuwa kitandani amejitanda kanga ya mkewe, machozi yanamtiririka, akitazama ile tamthilia ya wake wenza aliyosema ni ya wanawake wavivu. Kwa mkono mmoja alishika simu. Kwa mwingine alishikilia sinia la pilau, lile la bati, amelisimamisha kati ya kisanduku na dirisha, ili intaneti isipande Juu ikamkatia utamu.

Akageuka. Akaona vichwa kama arobaini.

"Nalikausha, mwanangu," alisema taratibu.

"Limekauka, baba," Mbwera akamjibu. "Lishushe. Muuguzi anasubiri."