Fisi na Tamu Isiyo Sukari

Hadithi, hadithi.
—Hadithi njoo.
Ije na nini?
—Ije na meno.
Meno ya nani?
—Ya mwenye kula vya watu.

Haya. Hii kanipa shangazi yangu Nyamvula, aliyezeeka na meno mawili na bado akatafuna mahindi ya kuchoma.

Hapo kale Fisi alivamia harusi ya nyani, akala halua sinia zima, akalamba na sinia. Kesho yake jino likaanza. Ngwe, ngwe, ngwe. Akenda kwa Kunguru, mchokoa meno.

Kunguru akamchungulia kinywa, akasema, "Sukari marufuku miezi mitatu. Ukiiacha, meno yatapona, utavunja mifupa kama zamani."

Fisi akapita mawe ya Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kanyama ka majabalini, hakamshindi paka kwa ukubwa. Watoto wake watatu wamekaa juani wanatafuna majani, mchaka mchaka, meno meupe pee.

"Shikamoo, mjomba," Bi Pimbi akasema.

Fisi hata marahaba hakuitikia. "Wanakula nini hawa?"

"Jani tu, mjomba. Tamu, lakini si sukari. Halidhuru jino."

"Basi nipe tamu isiyo sukari. Kila mwezi nitakuja. Na jino likipona, nitaanza na yule mnene."

Yule mnene ndiye kitindamimba. Bi Pimbi akamvuta nyuma yake. Akawaza: nikimpa jani, meno yatapona. Na meno yakipona, kazi yake ni mwanangu.

Akaingia pangoni, akatoka na kibuyu cha asali.

"Hii si sukari?" Fisi akauliza.

"Toba, mjomba. Sukari hutoka dukani. Hii yatoka kwa nyuki."

Fisi akala, akala, akalamba kidole, akalala bila kusukutua. Mwezi ukaisha. Jino pukuchu, moja. Pukuchu, la pili.

Akarudi. "Nipe nyingine. Hii nimeichoka."

Bi Pimbi akatoa kikapu cha tende.

"Hizi si sukari?"

"Sukari ina kokwa, mjomba?"

Fisi akaona kweli, haina. Akala, akala, akalamba kidole, akalala bila kusukutua. Pukuchu, pukuchu, pukuchu.

Mwezi wa tatu Bi Pimbi akatoa bonge la sukari guru, jeusi kama kisigino cha mkulima.

Fisi akasita. "Hii mbona jina lake sukari?"

"Sukari *guru*, mjomba. Sukari yenyewe ni ile nyeupe. Hii ni nduguye wa kambo, hata hawasemezani."

Fisi akacheka. Akala, akala, akalamba kidole. Pukuchu, pukuchu, pukuchu, mpaka kinywa kikabaki kama mfuko wa kanzu.

Basi miezi mitatu ikatimia, na jino haliumi tena. Fisi akaja mbio, akamdaka yule mnene, akamtia kinywani. Akatafuna. Mnyamu, mnyamu. Akatafuna tena. Mnyamu, mnyamu. Mtoto ndani anakufa kwa kicheko, anatekenywa na ufizi. Mwisho akateleza, akatoka, karowa chapachapa, mzima.

Fisi akasema, "Bi Pimbi, ulithema thi thukari."

"Si sukari, mjomba. Lakini jino halijui jina."

Tangu siku hiyo Fisi anakula uji, na hata huo husubiri upoe.

Ngano imeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mimi.

Na mafunzo yake ni haya: asali ni dawa, tende ni baraka, sukari guru haina neno. Kuleni mshibe. Mwenye makosa ni Kunguru, aliyeikataza sukari asitaje na ukoo wake.

Haya, muda wa kulala. Na wewe Mbodze, unayelamba kidole ndani ya shuka ukidhani sikuoni, kasukutue kwanza. Laleni.