Mama Pimbi na Kiti cha Mbele

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo hata konokono alikuwa na simu yake, wanyama walijenga kituo cha data juu ya mlima. Mnacheka? Subirini kwanza!

Ndani yake zilipangwa seva, zile kompyuta zinazohudumia simu za wote, rafu kwa rafu, na kila seva ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wake. Twiga akituma picha, prosesa inafikiri. Kasuku akipiga simu, prosesa inafikiri. Na ikifikiri sana inapata moto kama kikaango cha chapati! Kwa hiyo feni zilivuta hewa baridi mbele ya rafu, zikaipitisha kwenye prosesa, na kuitoa nyuma ikiwa ya moto.

Siri hiyo aliijua Mama Pimbi peke yake, maana ndiye aliyekuwa akifuta vumbi humo.

Mwaka mmoja zikaletwa prosesa mpya, zenye nguvu mara kumi. Mwaka huohuo ikaja baridi, baridi gani! Maji yaliganda mtungini. Tindo, kitinda mimba wa Mama Pimbi, akashikwa na kikohozi: koho! koho! Mama yake akaogopa sana. Mtoto akilala tena kwenye jiwe lao la baridi, hataamka.

Asubuhi akambeba mgongoni mpaka kituoni. Loo! Mlangoni wamesimama Kifaru, mkuu wa kituo, na Nyati, naibu wake. Umati wa wanyama unawatazama.

"Kuanzia leo humu tunahamia sisi wawili," Kifaru akafoka. "Nasikia prosesa mpya zina joto. Wadogo mtuwie radhi!"

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Mama Pimbi. "Humo kuna mbele na kuna nyuma. Mimi mfagiaji wenu naomba pale mbele, penye taa za kijani zinazometameta. Mwanangu mgonjwa."

"Mbele? Wewe?" Nyati akacheka, kwa kwa kwa! "Tangu lini pimbi akamtangulia kifaru?"

"Jamani, hata pembeni kidogo?"

"Nyuma!" Kifaru akapiga mguu chini, pu! "Mkubwa hukaa mbele. Wanyama wote, sikieni: siku mkiniona nimekaa nyuma, cheo changu nakivua hapohapo!"

"Haya, mheshimiwa. Tutafanyaje sisi wanyonge?" Akakimbilia nyuma ya rafu, moyo unamdunda kwa furaha.

Wakubwa nao wakaweka viti vyao mbele, vifua wamevitoa.

Basi! Umati kule nje ukashika simu. "Kwenu baridi vipi?" "Umesikia Kifaru kahamia kituoni?" "Nitumie picha!" Prosesa zikafikiri maradufu, zikapata moto, feni zikaongeza kasi: vuuuuu! Upepo wa baridi ukawapiga wakubwa mgongoni.

"Nya-Nyati," Kifaru alisema, meno ka-ka-ka, "we-wewe unasikia joto?"

"Linakuja, mkuu. Chyaa!" Nyati akapiga chafya.

Mpaka adhuhuri halijaja. Kifaru akashindwa kuvumilia, akaenda kuchungulia nyuma. Lahaula! Tindo amelala chali, tumbo wazi, anakoroma, kikohozi hakuna! Hewa ya moto ikampiga Kifaru puani, nusura alie kwa utamu wake.

"Umenidanganya, mfupi wewe! Toka!"

"Niliomba mbele, ukaninyima mwenyewe," Mama Pimbi akacheka. "Lakini karibu ukae, mheshimiwa, nafasi ipo. Niwaite walioko nje waje wakuone ulivyohamia nyuma?"

Kifaru akageuza shingo. Mlango ulikuwa wazi, na wanyama wote walikuwa wakichungulia, simu mkononi. Akarudi polepole kwenye kiti chake cha mbele, akaketi.

Vuuuuu! Chyaa!

Tuwaache hapo, wao na chafya zao, Tindo na usingizi wake. Nanyi mshike hili: anayegombea kiti cha mbele aulize kwanza upepo unatokea wapi.