Mtoto Mzima Hauzi Gazeti

Haya kina mama, nipeni masikio, maana leo nimechoka nanyi, na mimi mwenyewe nimejichoka.

Zamani sana, bibi yangu hajazaliwa, huko Ulaya kulikuwa na bwana mmoja mwenye gazeti. Mwanzoni lilikuwa la matajiri tu: meli gani imefika, ngano imepanda au imeshuka. Kisha zikaja mashine za kuchapa upesi, gazeti likawa rahisi, hata dobi anaweza kulinunua. Lakini dobi, habari za meli zinamhusu nini? Magazeti yakabaki yamelala. Siku moja yule bwana akaandika habari ya mtu aliyekatwa kichwa. Lo! Kufika saa nne asubuhi, yamekwisha yote. Basi akaonja utamu. Kila siku damu, kila siku mizimu. Zikimwishia za kweli, anatunga.

Akatunga na ya mkunga wa mtaani kwao. Akaandika kwa herufi kubwa kama sufuria: mkunga amemtupa mtoto mchanga wa jirani mtoni! Mji mzima ukanunua. Mkunga akakaa nyumbani, haitwi na mtu. Wanawake wakawa wanazaa peke yao kama mbuzi.

Mkunga akamwazima yule yule mtoto kwa mama yake, akaingia naye ofisini.

"Bwana, huyu hapa uliyesema nimemtupa. Anaota meno. Haya, mpe kidole uone."

"Namwona, mama. Mnono kweli."

"Basi andika kwamba yupo."

Bwana akacheka. "Mama yangu, mtoto mzima hauzi gazeti."

Haukupita mwezi, binti wa huyo bwana akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza, siku ya pili, mtoto amekaa vibaya. Baba akakimbia mwenyewe kumwita mkunga. Mnadhani mkunga alikataa? Hakukataa! Alinawa mikono, akaja mbio. Binti kumwona tu mlangoni, akapiga kelele.

"Mtoeni huyo! Atamtupa mwanangu mtoni!"

"Mwanangu, ni uongo. Niliutunga mimi."

"Baba, unasema hivyo ili nimkubali tu. Nimesoma kwa macho yangu, na mtaa mzima umesoma."

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Mtoeni!"

Majirani waliokuwa ndani, wasomaji wale wale, wakaufunga mlango. Mkunga yuko nje, mikono yake mitupu. Mtoto alipokuja, hakulia.

Niambieni basi. Nani kamuua mtoto yule? Mnasema mwenye gazeti. Tena mmoja hapo nyuma kaitikia kwa nguvu kabisa! Sawa, yule bwana atajibu kwa Mungu. Lakini angemtungia nani, kama hakuna wa kununua? Na hao waliofunga mlango, je? Ukiwauliza watakwambia, sisi hatukuandika kitu.

Ndio sisi hao! Mimi kusoma sijui, lakini mdomo ninao. Juzi hapa limepita neno juu ya mke wa mzee wetu wa kanisa. Kila ninayemuuliza: "Bibi, mimi sikuamini, nilimwambia tu fulani." Hukuamini, ukamwambia! Kitu umekitema mwenyewe, unampa mwenzio ale? Na mimi nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho, tena nikauliza, "Enhe, halafu?" Mungu anisamehe hiyo enhe yangu.

Yule mama wiki ya tatu hii haji kanisani. Nani kati yetu amebisha hodi kwake? Hakuna. Sasa sikilizeni. Tukitoka hapa, chai hainywewi. Tunakwenda kwake sote, na kila mtu atasema mbele yake, kwa mdomo wake, alilipeleka neno lile kwa nani.

Mimi naanza. Inukeni.