Bega Lililowapandisha Wageni wa Itagata

Sikilizeni, watu wa Lugombe, nanyi mliopakata watoto wasogezeni karibu na moto, niwasimulie habari za siku zile ambazo babu zenu walikuwa vijana wenye nywele nyeusi, na chuo chetu cha ualimu kilikuwa kipya hata mabweni yakinuka mbao mbichi. Ndipo alipokuja kusomea ualimu Anyosisye, mwana wa Syabumi, mwana wa Kajobile mfuga ng'ombe. Mama yake aliitwa Tumpe, mwanamke ambaye hakuna mpita njia aliyepita mlangoni pake na njaa.

Wakati huo Lugombe haikuwa na uwanja wala timu. Palikuwa na mteremko wa viazi tu. Anyosisye aliuomba mteremko ule kwa mkuu wa chuo, Mwalimu Tusajigwe, mama mkali aliyefuma kwa mikono yake sweta za wanachuo waliofika bila nguo za baridi. Mama yule alitamka mbele ya chuo kizima:

"Nawapa msimu mmoja. Mkishika mkia kwenye ligi ya vyuo, viazi vinarudi. Viazi vinaliwa, mpira hauliwi."

Basi Anyosisye akaingia mteremkoni na jembe. Mawe yaliyowashinda ng'ombe wa kukokota aliyabeba kifuani taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asiamke. Wenzake walipoona hivyo, wakashika majembe nao, na kabla mvua hazijaanza mteremko ukawa uwanja. Yeye akasimama golini, na watu wakamwita Ukuta wa Lugombe.

Lakini ligi ilipoanza, Lugombe ilifungwa, ikafungwa tena. Sababu ilikuwa desturi yetu wenyewe. Kwetu mgeni hula kwanza mpaka akatae, na mwenyeji hula kilichobaki. Na wacheza mpira, ndugu zangu, hawakatai upesi. Vijana wetu walichanja kuni na kuteka maji tangu alfajiri, wakapika ndizi na maharage, wakawahudumia wageni, kisha wakaingia uwanjani matumbo yakinguruma.

Ipyana, winga mwenye maneno mengi, akashindwa kuvumilia.

"Kaka Anyosisye, sisi ni timu au wapishi wa harusi? Yule beki wao kamaliza sahani yangu, halafu kanipokonya mpira huku anabeua!"

Wote wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Wengine wakasema wageni wasipikiwe tena. Anyosisye akatoa hukumu ambayo haijatenguliwa hadi leo:

"Mgeni hatashinda na njaa Lugombe nikiwa hai. Ila kuanzia sasa sinia ni moja. Mkono wake na mkono wetu pamoja."

Tangu hapo walikula bega kwa bega, wageni na wenyeji, wakimegeana. Miguu ya vijana ikapata nguvu, wakashinda hapa, wakatoka sare pale. Hata hivyo vipigo vya mwanzo viliwaelemea, na ilipofika mechi ya mwisho walihitaji walau sare ili wasishike mkia. Na waliokuwa wanakuja ni Chuo cha Misitu cha Itagata, watu warefu, ambao msimu ule hawakuwa wamefungwa na yeyote.

Siku hiyo mvua ilinyesha kama imetumwa. Saa ya mechi ikakaribia, wageni hawaonekani. Mwamuzi akatazama saa yake, akasema, "Wasipofika, ushindi ni wenu." Ipyana akaruka juu kwa furaha. Ndipo akaja mama mmoja muuza maziwa, amelowa, akasema lori la Itagata limezama kwenye tope pale konani, chini ya mlima, na vijana wanatetemeka kwa baridi.

Anyosisye akavua glavu zake. Ipyana akamshika mkono.

"Kaka, tukae tu! Uwanja si umeshapona?"

"Uwanja tuliouchimba kwa mikono hatutaupokea kutoka kwa tope," akasema Anyosisye, akateremka. Timu nzima ikamfuata, na Ipyana nyuma yao, akinung'unika lakini amebeba kamba.

Lori lilikuwa limelala upande. Anyosisye akaingiza bega la kushoto chini ya bodi, akaguna mguno uliosikika mpaka jikoni mwa chuo, na lori likainuka. Wenzake wakasukuma hadi juu. Wageni wakakaushwa motoni, wakala sinia moja na wenyeji, na mwamuzi, naye akitafuna, akakubali mechi ichelewe.

Wakacheza mpaka mwanga ukafifia bila bao. Mwishoni beki mmoja wa Lugombe akaushika mpira kwa mkono ndani ya boksi: penalti. Mpigaji alikuwa Lukelo, nahodha wa Itagata. Akaliona bega la Anyosisye limevimba, mkono hauinuki. Akasita.

"Nipige vipi, kaka? Bega hilo umeumia kwa ajili yetu."

"Piga kwa nguvu zako zote, mdogo wangu. Ukinihurumia, utakuwa umenidharau."

Lukelo akapiga, na hakuhurumia. Mpira ukaja upande ule ule wa bega bovu. Anyosisye, kwa kuwa mkono ulikataa, alijitupa mwili mzima, mpira ukamgonga kifuani, akaukumbatia topeni. Filimbi ikalia. Wa kwanza kumwinua alikuwa Lukelo. Na Mwalimu Tusajigwe akalivua shali lake mwenyewe, akamfunga nalo bega, asiseme neno juu ya viazi siku ile wala siku nyingine.

Alipohitimu, Anyosisye, ambaye sasa watu walimwita Bega la Lugombe, alipangiwa shule ng'ambo ya mlima. Akaondoka kwa miguu asubuhi ya ukungu, na hakuna aliyemwona tena. Wapo wasemao anafundisha huko hadi leo, mzee asiyezeeka.

Ila hili mnalijua wenyewe: siku ya mechi tunateremka sote hadi konani, wanachuo, kina mama na watoto mgongoni, tukalisubiri gari la wageni. Barabara siku hizi ni ya lami, na gari ni zima. Nasi tunaweka mabega na kulisukuma mpaka juu, wageni wakicheka madirishani.